Sanduku Lenye Nyufa

Mume wangu Orrin ni mbishi, na mimi ni mbishi kuliko yeye. Ndiyo maana tumedumu. Huku kwetu Montana wawindaji wengi hujijazia risasi wenyewe: ganda kuukuu, baruti kidogo, kichwa kipya, basi, kulungu wa msimu yuko mezani. Orrin hufanyia kazi hiyo kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na jiko la kuni, na baruti yake ilikaa kwenye sanduku la mbao alilorithi kwa baba yake.

Mjukuu wetu alipoanza kutambaa, Orrin akanunua sefu ya chuma ambayo ikifungwa hata hewa haipiti. Akahamishia baruti yote humo, kisha akaniita nikaone.

"Hapo sasa! Hata moto wa jehanamu hauingii."

"Na ukiingia, utatokea wapi?"

"Ushaanza."

"Naanza, ndiyo! Baruti hii ikishika moto mahali pasipobanwa inaungua tu, fuuu, imekwisha. Ukiifungia ndani ya chuma umetengeneza bomu. Wewe mwenyewe ulinifundisha tulipokuwa wachumba, ukijifanya profesa."

Akacheka, lakini hakuitoa ile baruti. Nikamuuliza kwa nini sufuria yangu ya mvuke ya kusindikia maharage ina tundu la kutolea mvuke juu. Akasema maharage si baruti. Jamani, mwanamume huyu!

Nilikasirika, sitaficha. "Haya, nyumba ikiwaka, nani atakuja na mpira wa maji? Tess!"

Tess ni binti yetu, mama wa yule mtoto. Anakaa ng'ambo ya kijito, naye ni zimamoto wa kujitolea pamoja na majirani zetu.

Orrin akajikuna shingo. Hakusema nimeshinda, hajawahi kusema hivyo tangu nimjue. Ila kabla ya chakula cha jioni nilimwona akiburuta lile sanduku la mbao hadi bandani nje ya nyumba, upande wa kivuli, mbali na jiko. Akapanga humo mikebe ya baruti kama ilivyotoka kiwandani, akatia kufuli mlango wa banda kwa ajili ya mtoto. Kisha akashika nyundo ili azibe nyufa za sanduku.

"Weka chini hiyo nyundo! Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini hapa ufa ndio unaotuokoa. Moto upate pa kupumulia."

"Ndiyo, profesa," akasema.

Baridi ilipokolea nilifanyiwa upasuaji wa goti, nikawa mtu wa kulala ghorofani. Asubuhi moja Orrin alikuwa nje anapasua kuni, mara masizi yakashika moto ndani ya bomba la jiko. Moshi ukapanda ngazi kabla sijaipata fimbo yangu. Nikajikokota hadi dirishani, nikafungua, nikapiga kelele mpaka koo likauma. Orrin alijaribu kuingia mara mbili, moshi ukamrudisha.

Gari la zimamoto likafika. Tess akaruka chini, na nilimsikia vizuri kutoka dirishani. Hakusalimu.

"Baba, baruti iko wapi?"

"Bandani! Kwenye sanduku la mbao! Sefu tupu!"

Mkuu wao akapunga mkono, wakaingia. Punde nikabebwa begani na mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikikohoa na kumwambia aangalie goti langu.

Chumba cha chini kiliteketea, nyumba ikapona. Tuliketi kwenye gari la jirani tumejifunika mablanketi, na Orrin akaanza kujitapa kwa mkuu: "Mimi baruti siweki kwenye chuma, bwana. Huo ni ujinga." Nikamwacha. Kisha akamgeukia Tess, sauti imepungua.

"Na kama ningesema iko kwenye sefu?"

"Mkuu angetuzuia wote. Ndiyo amri."

"Nawe ungetii?"

Tess alikuwa anavua glavu. "Mama alikuwa juu, baba. Unaniuliza nini?"

Orrin alimtazama binti yake mpaka machozi yakamlengalenga, akanisogelea ubavuni, akanishika mkono kwa nguvu.

"Ulikuwa sahihi, Verna."

Nikamwambia arudie, masikio yangu yamejaa moshi.