Jenerali Aliyeanguka kwa Kiingereza

Hasifa, mke wa Wahabi dereva wa lori, alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao ulikuwa gitaa la umeme. Wanawake wenzake wa Tororo, mashariki mwa Uganda, walipenda rumba ya Kongo, wengine taarabu, na wapo waliosikiliza kasida peke yake. Yeye alipenda makelele ya vijana wa Kizungu wenye nywele za kufika mabegani, makelele ya miaka ya sitini, gitaa likilia kama paka aliyekanyagwa mkia na ngoma zikija mbio kumtetea.

Aliambukizwa akiwa msichana, alipokuwa mpishi katika klabu ya Wazungu wa kiwanda cha saruji. Kiingereza chake alikipata humo humo, kati ya mafuta ya moto na santuri. Wazungu walipofunga virago, fundi mmoja wa mitambo alimwachia gramafoni yake na kasha zima la nyimbo.

"Mwanamke wa Kiislamu na mapepo kama haya," Wahabi alizoea kulalamika. Lakini chini ya meza, mguu wake ulikuwa unapiga sakafu.

Katika kasha lile kulikuwa na wimbo mmoja ambao Hasifa aliupenda kuliko dhahabu yake ya harusi. Ulimhusu jenerali mnene, mwenye nishani zilizoanzia begani zikaishia kitovuni, aliyepanda farasi kwenda vitani. Kabla hajafika, farasi alimtupa topeni, na kuku wa kijiji wakamcheka. Kiitikio chake kilikuwa neno la Kiingereza la mtu kuanguka akabiringika, na vijana wale walilipiga kwa sauti ya kupasua dari: "Jenero tambo! Jenero tambo!"

Zamani wimbo huo ulikuwa mzaha mtupu. Sasa nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, Wahindi walikuwa wamefukuzwa, sabuni na sukari zikawafuata, na aliyekaa juu ya watu wote naye alikuwa jenerali. Kwa hiyo Hasifa aliupiga kwa sauti ya chini, madirisha yakiwa yamefungwa, jasho likimtoka.

Siku moja sindano ya gramafoni ikaisha makali. Mji mzima wa Tororo haukuwa na sindano. Hasifa akaitia santuri ya wimbo ule kikapuni, ya kujaribia sindano, akaifunika kwa kanga, akapanda lori hadi Busia, akavuka upande wa Kenya kwa Chrispinus, fundi wa redio.

Chrispinus alimpatia sindano mpya, kisha akataka kuijaribu kwa santuri ile ile. Gitaa likalia, wanunuzi wa samaki wakageuza shingo. Kiitikio kilipofika, Chrispinus, aliyesoma mpaka sekondari, akacheka hadi akaweka bisibisi chini.

"Mama, unavuka na kitu hiki tena?"

"Navuka nacho. Ni changu."

"Basi Mungu awape askari wenu usingizi mzito."

Mungu hakuwapa. Pale Busitema, njiani kurudi Tororo, askari walikuwa wameweka gogo katikati ya barabara, nao walikuwa macho kama mwewe. Mmoja akapindua kikapu cha Hasifa. Ukatoka mche wa sabuni, ikatoka santuri, ikatoka sindano ndani ya kikaratasi.

"Hii sindano nakwenda kudunga nani?" askari akauliza.

"Kudunga santuri, afande."

"Santuri nagonjwa?"

Wenzake wakacheka. Sajini wao, mtu mrefu aitwaye Obbo, akaja kutazama. Nyuma ya Obbo akaja Meja mwenyewe, mkuu wa kambi ya Tororo, aliyekuwa ameketi ndani ya gari lake akila mahindi ya kuchoma. Alipoiona sindano, aliacha kutafuna. Ndani ya mesi ya maofisa alikuwa na redio-gramu kubwa kama kabati, iliyoachwa na Mhindi mmoja, na tangu aipate haikuwahi kumpigia hata santuri moja, kwa sababu haikuwa na sindano.

"Wewe unajua kuweka?"

"Najua, afande."

"Panda gari."

Njia nzima Hasifa aliomba dua zote alizofundishwa madrasa, na zilipokwisha akazirudia. Alijua kwamba katika kikapu chake kulikuwa na wimbo mmoja tu.

Mchana ule ule, ndani ya mesi, akaifunga sindano. Santuri ikazunguka. Gitaa likalia. Meja, mtu mwenye shingo nene na macho madogo, akafumba macho yake. Bega la kulia likaanza kucheza, likafuata la kushoto.

"Hii ni muziki gani?"

"Rok, afande."

Meja akafumbua macho. Akaenda dirishani, akasukuma pazia. Mwamba wa Tororo, ambao kwa Kiingereza nao ni rok, ulikuwa pale pale, umesimama juu ya mji.

"Rok? Hii yetu?"

Hasifa akautazama mwamba. Akazitazama bunduki zilizoegemezwa ukutani.

"Ndiyo, afande. Mwamba ndio huo huo."

"Wazungu walitunga wimbo ya mwamba yetu!" Meja akaridhika. Kisha akainua kidole, kwa sababu kiitikio kilikuwa kimefika. "Ngoja. Hapa nasikia jenerali. Na nasikia tamba. Jenerali anatamba?"

Kuna uongo ambao mtu huutunga, na kuna uongo ambao huletewa tayari kwenye sahani. Hasifa akaupokea huu kwa mikono miwili.

"Anatamba, afande. Juu ya mwamba."

Meja hakuwa mjinga kabisa. Akamgeukia Obbo. "Sajini, wewe ulisoma kwa mapadri. Ni kweli hiyo?"

Obbo alikuwa amesimama kando ya mlango, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi tangu kuku walipoanza kumcheka jenerali. Akamtazama Hasifa. Hasifa akatazama sakafu.

"Kabisa, afande," Obbo akasema, na sauti yake ikapanda kama ya kijana anayebalehe. "Anatamba sana."

Hivyo ndivyo wimbo ule ulivyokuwa wimbo wa kambi. Meja akaamuru upigwe kila asubuhi kwenye gwaride kwa vipaza sauti, na kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na sindano yake, akaamuru Hasifa aje kuupiga. Meja mwenyewe akawafundisha askari kuinua bunduki juu kila wasikiapo "tambo" na kuzishusha baadaye. Malipo ya Hasifa yalikuwa sukari.

Wahabi alikunywa chai yenye sukari huku akiutazama mlango. "Kiingereza chako kitatuua, mke wangu."

"Si mimi niliyesema anatamba. Ni yeye."

"Waeleze hivyo wakati wanakutia kwenye buti la gari."

Hasifa aliogopa, tena sana. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata Wahabi. Kila asubuhi, sindano iliposhuka na lile gitaa likapasuka juu ya paa za mji, likagonga mwamba na kurudi, moyo wake ulipaa. Hakuwahi kuusikia wimbo ule kwa sauti kubwa hivyo, hata klabuni.

Mji nao ulisikia. Wasiojua Kiingereza waliimba kwa furaha wakienda sokoni, jenerali anatamba, anatamba. Wanaojua walipata taabu. Walimu walitembea wakitazama ardhi kama watu waliodondosha ufunguo. Benedeta, mkunga aliyesomea kazi yake kwa masista, aliziba mdomo kwa leso na kusema ana jino bovu. Hakuna aliyemwambia mwenzake lolote. Ukimwambia Meja kwamba wimbo ni matusi, swali la kwanza litakuwa: uliusikia tangu lini, na kwa nini ulinyamaza?

Mambo yakaendelea hivyo mpaka akaja mgeni kutoka Kampala, brigedia aliyepata mafunzo yake Uingereza. Meja alipiga chokaa kila jiwe la kambi. Akamwambia Hasifa, "Leo piga kwa sauti yote. Mkubwa asikie mwamba."

Obbo alimfuata hadi kwenye mashine. Akamnong'oneza, "Mama, huyu anajua Kiingereza kuliko Waingereza. Iangushe hiyo santuri. Ivunje. Sema imeteleza."

Hasifa akaishika santuri yake kwa mikono miwili. Akaitazama, nyeusi, inang'aa, na alama ya kidole cha yule fundi wa Kizungu pembeni ambayo hakuwahi kuifuta. Alijua Obbo anasema kweli. Vidole vikakataa kufunguka.

"Siwezi," akasema.

"Basi kwa heri," Obbo akasema, akarudi kwenye mstari wake.

Gwaride likaanza. Gitaa likalia. Brigedia, mtu mwembamba mwenye miwani, alisimama wima jukwaani. Ilipofika sehemu ya nishani za kitovuni, nyusi zake zikapanda. Ilipofika sehemu ya farasi, akageuza shingo polepole akamtazama Meja, ambaye alikuwa akitabasamu kama bwana harusi. Kiitikio kikaja, bunduki zikapanda, na Brigedia, kwa mazoea ya mwili, akapiga saluti.

Hapo sindano ikakwama.

"Tambo," santuri ikasema. "Tambo. Tambo. Tambo. Tambo."

Askari wakainua bunduki, wakashusha, wakainua, wakashusha. Mstari wa mbele ukachanganyikiwa na wa nyuma. Kofia zikaruka. Askari mmoja mnene alizunguka nusu mduara akakaa chini, na aliyekuwa nyuma yake akamkalia. Hasifa akajirusha juu ya mashine akainyanyua sindano.

"Meja," Brigedia akasema, mkono wake ukiwa bado kwenye kofia, "wimbo huu unasema nini?"

"Jenerali anatamba, mheshimiwa! Juu ya mwamba ya Tororo!"

Brigedia akaushusha mkono. Akawatazama maofisa wa jukwaani mmoja mmoja. Hasifa aliona wazi alichokuwa akikipima kichwani. Akisema ni matusi, basi yeye ndiye aliyeyapigia saluti mbele ya kambi nzima, na Kampala kuna masikio mengi.

"Ndivyo nilivyosikia mimi pia," akasema mwishowe. "Lakini santuri imechakaa. Jenerali hawezi kutamba kwa kukwamakwama. Iondoeni, mrudie tarumbeta."

Alipokuwa anaondoka alipita karibu na mashine. Akasimama kana kwamba anaikagua, akamwambia Hasifa kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo mwingine asingeisikia, "Mama, ulisoma shule gani?"

"Jikoni, mheshimiwa."

Mdomo wake ukatetemeka. Hasifa hakujua kama ni hasira au kicheko. "Rudi jikoni. Nenda na wimbo wako. Na uende mbali."

Meja alimrudishia santuri kwa huzuni ya kweli, akaipapasa kana kwamba anamuaga mtoto. Wahabi alikuwa ameshapakia lori bila kuulizwa: magodoro, sufuria, gramafoni na kasha. Wakapita njia za ndani za Buteba, kwenye mashamba ya mihogo, Wahabi akiendesha huku akijipangusa jasho, na Hasifa akiwa amekumbatia santuri yake kifuani.

Wakahamia Busia, upande wa Kenya. Hasifa akafungua hoteli ndogo ya chai na chapati, na kila alasiri aliwapigia wateja nyimbo zake. Walimu wa Tororo waliovuka kutafuta chumvi walianza kuingia humo. Mara ya kwanza wimbo wa jenerali ulipopigwa mbele yao, vikombe vilibaki hewani. Kisha Benedeta, aliyekuja nao, akaondoa leso mdomoni, akakitoa kiitikio kizima kwa Kiingereza safi cha masista. Wakamfuata, wakapiga meza, mwalimu mmoja mzee akapanda juu ya benchi na kuonyesha jinsi farasi alivyomtupa mtu yule.

Hasifa alisimama mlangoni na mwiko wake mkononi, mdomo wazi, hata hakusikia Wahabi akipiga kelele kutoka nyuma kwamba chapati zinaungua.