Nyumba Ambayo Haijafukizwa

Mdogo wangu alifia chumba cha mbele, na kabla jua halijazama tulikuwa tumehama sote. Hata mlango hatukufunga. Nilibeba blanketi, birika na mkono wa mjukuu wangu Kiarna, tukaenda kulala chini ya turubai kwenye mchanga wa mto mkavu, hapahapa Alice Springs, katikati ya Australia. Nyumba iliyofiwa hailaliwi mpaka ifukizwe kwa moshi wa majani mabichi. Roho ya marehemu inakuwa bado imo humo, inahangaika, na ikimsikia mtu iliyempenda inamng'ang'ania.

Wa kufukiza ni mzee Wendell, binamu wa marehemu, na Wendell yuko huko magharibi ambako mvua imekata barabara. Tukamngoja. Tungefanyaje?

Basi kijana wa ofisi ya nyumba za serikali akapita, akakuta mlango wazi na mbwa wamejilalia sebuleni. Alinifuata mtoni akaniambia, kwa upole wake wa kuudhi, kwamba nyumba nimeitelekeza na Alhamisi anakuja kubadilisha kitasa. Nikamuuliza nimeitelekezaje na masufuria yangu yamo ndani. Nilijitia ukali tu. Mama wa ustawi wa jamii alikuwa ameshakuja na gari jeupe la serikali kuuliza Kiarna analala wapi. Bila nyumba, mtoto anachukuliwa. Mama yangu mzazi serikali ya wazungu ilimchukua hivyohivyo akiwa mdogo, na aliporudi alikuwa ameisahau lugha yetu, hakuweza kuzungumza na mama yake. Mpaka leo nikisikia mlango wa gari ukifungwa, naangalia kwanza Kiarna yuko wapi.

Alhamisi nilimwacha Kiarna kwa dada yangu Lorna, ng'ambo ya barabara, nikasimama getini na Delphine. Huyu ni binti wa binamu yangu, na anafanya kazi katika shirika letu wenyewe linalowatafutia watu wetu makazi bila kuwavunjia mila. Msichana ana mdomo, hata mabosi wanamkwepa. Lakini siku hiyo naye hakulivuka geti. Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi, na pazia lilikuwa linacheza wakati upepo haukuwepo. Nililiona mimi, akaliona na yeye.

Kijana akaja na gari jeupe na boksi la vifaa. Delphine akamweleza yote: msiba, moshi, barabara. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema kukiwa na msiba nyumba haichukuliwi, watu wanapewa muda. Moyo wangu ukatulia kidogo. Kisha akatoa kalamu.

"Aliyefariki anaitwa nani?"

Delphine akamwambia jina la marehemu kwetu halitajwi, na kulitaja mbele ya nyumba yenyewe ni kumwita. Awapigie simu zahanati, wao wanajua. Kijana akasema zahanati hawamwambii kitu bila jina, na kila anayefikiwa na siku ya kutolewa nyumbani anadai ana msiba.

"Mama, nataka kukusaidia," akaniambia. "Ni jina tu."

Jina tu! Nilifungua mdomo. Nilimfikiria Kiarna kwenye kiti cha nyuma cha gari lao, nikataka kulitaja, Mungu anisamehe. Pazia likasimama tuli, kama mtu aliyetega sikio. Nikafunga mdomo, na machozi yakaanza kunitoka. Kijana akatikisa kichwa, akainama kwenye boksi, akatoa bisibisi.

Kumbe Kiarna alikuwa amejibanza kwenye ua wa Lorna, anatuchungulia, na maneno yetu anayasikia. Aliona gari jeupe, akaona bibi yake analia. Mimi ndiye niliyemfundisha kuliogopa gari jeupe. Alivuka barabara mbio, akasimama mbele ya yule kijana, akalitaja jina. Lote, lake na la ukoo, kwa sauti aliyofundishwa shuleni, kila silabi mahali pake.

Nilimziba mdomo wakati limeshatoka.

Kijana akaandika. Akatuambia nyumba ni yetu, tukae na msiba wetu kwa amani, akamsifu mtoto kwa kuwa jasiri. Akaondoka. Delphine alikuwa amerudi nyuma mpaka katikati ya barabara, ameshika kifua.

"Bibi," Kiarna akaniuliza, "nimekosea?"

"Hapana, mama. Umetuokoa."

Nilimkumbatia uso wake ukiwa tumboni kwangu, nisije nikamwona anatazama dirishani. Mdogo wangu hakuzaa. Mtoto wake alikuwa huyu: alimbeba mabegani, alimlisha kwa mkono wake, na hata siku ya mwisho alikuwa anamuulizia yeye tu. Sasa marehemu amesikia anaitwa, na sauti anaijua.