Kipochi cha Rangi ya Chungwa

Mtaa mzima ulimwita Chapuchapu, na mwenyewe hakuwa na la kujitetea. Alikuwa fundi cherehani aliyeshonea nyumbani, sebuleni kwake, na kila jambo alilifanya kama mtu anayefukuzwa. Chai alikunywa amesimama. Kichekesho alikicheka kabla hujafika mwisho. Mumewe aliapa kwamba hata usingizini mguu wake ulikuwa ukikanyaga pedali. Lakini akishika kitambaa, haraka yote hiyo ilitulia vidoleni, na nguo ikatoka nguo kweli, ya kumfanya mtu asimame wima bila kuambiwa.

Basi mwaka huo, siku chache kabla ya sikukuu, Chapuchapu aliamka na wazo. Na yeye akiamka na wazo, jamani, nyumba nzima imeamka.

"Nitawapa wateja wangu zawadi," alimwambia mama mkwe wake, ambaye aliishi nao na hakuwahi kukosa la kusema. "Kila mmoja kipochi na kadi. Na kipochi cha kila mtu nitakishona kwa masalio ya kitambaa cha nguo yake mwenyewe."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Yaani mtu alete kitambaa chake, wewe ukikate, kibaki, halafu umrudishie kilichobaki na kumwambia hii ni zawadi?"

"Ndiyo, mama."

"Una akili wewe," alisema mama mkwe. "Ya kutisha, lakini unayo."

Masalio yalikuwepo tele, kwa sababu Chapuchapu hakutupa hata kipande cha kufutia miwani. Kila nguo ilipokwisha, aliviringisha kilichobaki, akakifunga kwa uzi na kubana kikaratasi chenye jina. Na jina lenyewe, hapa nifuateni vizuri, lilikuwa la mwili uliopimwa. Nani kaleta kitambaa, nani kalipa, hayo hayakumhusu. Mume akimshoneshea mkewe, jina liliandikwa la mke. Mjomba akiwashoneshea wapwa, yaliandikwa ya wapwa. Kwake nguo ilikuwa ya yule aliyemzungushia futi kiunoni, na utaratibu huo ulikuwa haujawahi kumwangusha.

Sebule ikageuka uwanja wa vita. Watoto walikula jikoni, tena wima, maana viti vyote vilikuwa na vitambaa. Mumewe alikoroga chai akakuta kifungo. Na katikati ya fujo hiyo Chapuchapu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Alishona kipochi cha mwalimu wa hesabu kwa masalio ya shati lake la mistari, akahakikisha mistari inakutana kwenye zipu, maana mwalimu yule angeiona tu isipokutana. Alishona cha muuza mikate kwa kitambaa chake cha madoa meupe. Kila alipomaliza kimoja alikipeleka dirishani kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku, akacheka peke yake.

"Mama, njoo uone hiki."

"Nimeshakiona."

"Hiki ni kingine."

"Nacho nimeshakiona," alijibu mama mkwe bila kunyanyua kichwa.

Kadi alizikata mwenyewe kwenye karatasi ngumu, akazidarizi ukingoni kwa nyuzi zilizobaki, na ndani akaandika maneno aliyoyatafuta kutwa nzima: Sikukuu njema. Wewe unavaa, mimi najivuna. Aliyasoma kwa sauti mara nyingi mpaka watoto wakayashika, wakawa wanaambiana hivyo wakigombania bafu.

Kazi ya kugawa aliichukua mama mkwe, ambaye alipenda kutembelea watu kuliko kula. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akapanga vifurushi kwenye kapu, kila kimoja na jina lake juu.

"Lakini usikae sana, mama."

"Mimi nikae wapi?" aliuliza mwanamke ambaye aliwahi kutoka kwenda kuomba chumvi, akarudi chumvi imeshanunuliwa, chakula kimeshaliwa na vyombo vimeshaoshwa.

Alipotoka, Chapuchapu alishusha pumzi. Ilibaki nguo moja tu ya kupiga pasi, na nguo yenyewe ilikuwa na siri yake.

Mtaani hapo aliishi mkunga mstaafu. Nusu ya watoto wa mtaa aliwapokea yeye, wakiwemo wa Chapuchapu, na watu walimwita Mkunga tu kama vile hakuna mwingine duniani. Tangu afiwe na mumewe, miaka mitano nyuma, Mkunga alivaa kahawia na bluu iliyoiva, basi. Kahawia leo, bluu kesho. Chapuchapu ndiye aliyemshonea nguo hizo zote, na kila mara roho ilimuuma kidogo, kwa sababu ile ngozi ilikuwa ikililia rangi.

Halafu mwezi uliopita akaja binti wa Mkunga, mtoto wa pekee, aliyefanya kazi mji wa mbali. Alifungua mfuko akatoa kitambaa cha rangi ya chungwa lililoiva, kina maua meupe makubwa.

"Mshonee mama gauni," alisema. "Vipimo vyake unavyo. Nitampa asubuhi ya sikukuu. Ila, dada fundi, asijue kabla. Akijua kabla atapata muda wa kujiandaa kukataa."

"Kwa nini akatae?"

Binti alikinyoosha kitambaa juu ya goti. "Ataona nataka amsahau baba. Sijawahi kuthubutu kumwambia avue zile nguo. Nimechoka kumwona anajificha ndani yake, lakini nikimkosea kwa hili, sijui nitamtazamaje tena. Nataka aone gauni lenyewe, limeshakamilika, mimi nipo mbele yake. Hapo hapo nitajua."

Chapuchapu aliahidi. Aliapa hata. Mama mkwe mwenyewe hakuambiwa, na kumficha jambo mama mkwe ndani ya nyumba moja ni kazi ya jasho.

Sasa akalitoa gauni nyuma ya mlango, chini ya shuka alikolificha, akalitandaza mezani. Pasi ilikuwa imeshapata moto. Alilitazama. Akalitazama tena.

Rangi ile alikuwa ameishika jana. Aliipeleka dirishani. Aliichekea kwa furaha, akaitia zipu nyeupe kufuatana na maua, akaifunga pamoja na kadi na kuandika juu jina lililokuwa kwenye kikaratasi. Na kikaratasi kiliandikwa jina gani? Mkunga, bila shaka. Mwili wake ndio uliopimwa.

Pasi aliizima. Angalau hilo alilikumbuka. Viatu hakuvikumbuka vizuri, maana alitoka na ndala moja yake na nyingine ya mumewe, mguu niponye, futi ikimning'inia shingoni.

Alijipa moyo kwamba nyumba ya Mkunga ilikuwa ya mwisho kabisa mtaani, karibu na kisima. Kwa mwendo wa mama mkwe, na chai zake, na habari zake za goti, mtu angeweza kwenda kwa miguu mji mwingine na kurudi kabla yeye hajafika huko.

Alimkuta muuza mikate kwenye meza yake, kipochi cha madoa meupe tayari kimejaa chenji.

"Fundi, hiki kitu umekitoa wapi, mbona kizuri hivi?"

"Mama mkwe wangu yuko wapi?"

"Amepita. Hakukaa hata kidogo, nikashangaa. Kasema leo anaanza nyumba za mbali, goti likiwa bado zima, halafu ndiyo arudi polepole akipiga soga."

Hebu fikiria. Mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kuwahi popote, siku hiyo moja kawahi. Chapuchapu hakuaga. Alikimbia, ndala ya mumewe ikipiga lami paa, paa, na watu wakatoka milangoni kuangalia nani kapatwa na nini. Mwalimu wa hesabu alimpungia kipochi chake kutoka upande wa pili. Hakuona. Alikuwa anauona uso wa binti tu, na lile neno lake, hapo hapo nitajua. Asubuhi ile ya sikukuu alikuwa ameshamwibia.

Mlango wa Mkunga ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ameketi na kikombe mkononi, amestarehe. Na Mkunga, ndani ya gauni lake la kahawia, alikuwa ameketi dirishani, kipochi cha rangi ya chungwa mapajani mwake kama kipande cha jua.

"Shikamoo, mama," alisema Chapuchapu akihema.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini, mbona ndala zako si ndugu?"

Chapuchapu alificha mguu mmoja nyuma ya mwingine. "Nilikuja, mama, nafikiri nimechanganya vifurushi. Hicho si chako."

"Nami nilijiambia hivyo," alisema Mkunga. "Kitambaa cha rangi hii sijawahi kukuletea mimi." Lakini hakukitoa. Alikifunika kwa kiganja. "Umechelewa, sasa. Nimeshaweka kitu ndani."

Alifungua zipu, na Chapuchapu akaona pete ya mwanamume. Mtaa mzima uliijua. Mkunga alikuwa akitembea nayo imefungwa kwenye pembe ya leso tangu siku ya mazishi.

"Marehemu alipenda rangi hii," alisema Mkunga. "Siku nilipomwona mara ya kwanza nilikuwa nimevaa rangi hii hii. Ukiniuliza kwa nini nimekaa na kahawia muda wote huu, sina jibu la maana. Binti yangu alimpenda baba yake mno. Niliogopa nikivaa rangi ataona nimemsahau. Basi nikawa nasubiri aniambie basi, mama, yatosha. Na mtoto yule hajaniambia."

Mama mkwe mwenyewe alinyamaza, na hilo peke yake lilistahili kuandikwa ukutani.

"Kitambaa hiki kimebaki?" aliuliza Mkunga. "Nishonee gauni. Sihitaji liwe tayari sikukuu hii, ukipata nafasi tu."

Chapuchapu alijiuma ulimi mpaka machozi yakamlenga. Gauni liko mezani kwangu, alitaka kusema, lina pindo, lina vifungo, linakungoja wewe. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Akayameza yote.

"Kimekwisha, mama," alisema. "Hakikubaki hata kidogo."

Uso wa Mkunga ulishuka kidogo, kama wa mtoto aliyeambiwa duka limefungwa. "Haya," alisema. "Basi kipochi sikirudishi."

Njiani kurudi Chapuchapu alimweleza mama mkwe kila kitu, maana kifua kilikuwa kinataka kupasuka. Mama mkwe alisimama katikati ya barabara, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na hivyo hivyo akatembea hadi nyumbani. Vifurushi vingine alivigawa kesho yake bila kukaa nyumba hata moja. Alisema hajiamini.

Jioni ya kesho yake hiyo, mkesha wa sikukuu, binti aliwasili kutoka safarini, akapitia kwa fundi kabla ya kwenda kwa mama yake. Gauni lilikuwa limepigwa pasi, limening'inia. Alilitazama, uso ukamparama. Kisha akatoa mfukoni shali pana la kahawia.

"Nimeogopa," alisema. "Nitampa hili. Gauni likae kwako. Labda mwaka ujao."

"Kaa chini kwanza," alisema Chapuchapu. "Nina kosa la kukwambia."

Alimwambia bila kujipamba. Masalio, kikaratasi, kipochi, mbio. Binti alisikiliza huku macho yakiwa makali, na Chapuchapu hakumlaumu. Ahadi ilikuwa ahadi.

"Kwa hiyo kakiona," alisema binti. "Nilikuomba jambo moja tu, dada."

"Moja tu. Nami nikaliharibu."

Binti alilikunja shali, akalikunjua. "Alisema nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Niambie maneno yake, usitie yako."

Chapuchapu akamwambia. Alipofika kwenye pete, binti aliketi juu ya gunia la masalio. Alipofika kwenye kusubiri kuambiwa yatosha, binti alifunika uso kwa lile shali na kulia, na Chapuchapu akaketi gunia hilo hilo akalia naye, maana hakuwahi kujua kumwacha mtu alie peke yake.

"Miaka mitano," alisema binti. "Yeye ananisubiri mimi, mimi namsubiri yeye."

Aliondoka na gauni mkononi. Shali alilisahau, au alisema kalisahau.

Asubuhi ya sikukuu Chapuchapu alikuwa mlangoni na kikombe chake, amesimama kama kawaida, watoto wakimpita mbio na nguo mpya. Akaona watu wa upande wa kisima wanageuza shingo. Kisha akaiona rangi yenyewe, kabla hata hajamwona mtu. Mkunga alikuja katikati ya barabara ameshikana mkono na binti yake, gauni likimkaa mabegani sawasawa, kipochi mkononi. Muuza mikate alisahau mteja aliyekuwa mbele yake. Mama mkwe, ambaye siku zote hizo alikuwa amefunga mdomo, alishika ukuta.

Mkunga alisimama mbele ya mlango, akavaa uso wake wa kazini, ule uliokuwa ukiwatisha waume kwenye baraza za hospitali.

"Fundi, ulinidanganya. Uliniambia kitambaa kimekwisha."

"Sikukudanganya, mama," alisema Chapuchapu. "Kilikwisha. Chote umekivaa."

Mkunga alicheka, na binti yake akamgeukia ghafla, maana kicheko kile alikisikia mara ya mwisho baba yake akiwa hai. Kisha wote wakaingia sebuleni. Chapuchapu akaondoa vitambaa kwenye viti, kimoja baada ya kingine, akawakaribisha, na mwenyewe akaketi akanywa chai yake mpaka ikaisha.