Maneno ya Arobaini

Angekuwa Mwingereza, Nusra angemsamehe. Mwingereza angeyachukua maneno ya Bi Time, mama wa Nusra, vile vile yalivyotoka, kwani yeye adabu za Kiunguja atazijulia wapi? Lakini Sadrudin! Mtu kazaliwa Mkunazini, kwetu Unguja, kakulia katika mikate ya ufuta ya majirani, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watoto wetu wa hapa London. Huyo hakukosea. Huyo alijua, na kujua kwake ndiko kunakomchoma Nusra mpaka leo.

Sadrudin ana ofisi ya kuuza tiketi za ndege kule Harrow, karibu na stesheni. Nusra aliingia pale kabla hajaolewa. Alianza kwa kupokea simu, akapanda mpaka akawa mkuu wa safari zote za Afrika Mashariki. Waunguja na Wapemba, wa Edgware Road na wa Thornton Heath, wakipiga simu hawaulizi ofisi, wanamuuliza Nusra. Nusra alikuwa akimwita tajiri wake Ami Sadru kwa heshima, ingawa hawana udugu. Alipochukua likizo ya uzazi alimwambia wazi kwamba atarudi, na ami akamwombea dua ya kujifungua salama. Akaajiriwa Poonam, binti wa Kigujarati, amshikie kiti.

Ikafika arobaini ya mtoto. Nyumba imejaa watu, udi unafuka, pilau haina mfano, na Sadrudin naye akaja na doti ya kanga na kikuku cha fedha. Nusra alikuwa juu ananyonyesha, yaliyosemwa chini hakuyasikia. Bi Time, mamake, alimpokea mgeni kama tunavyopokeana: karibu, usiwe mgeni, nyumba hii yako. Sadrudin akamsifu mtoto, kisha akauliza, na kazi je, atarudi lini? Bi Time akacheka. "Kazi gani tena, Sadru? Kazi yake sasa ndiyo hii." Basi, ndilo neno lenyewe. Neno la kuchangamsha baraza, kama vile mtu anavyosema hana njaa na huku tumbo linamlilia.

Mtoto alikuwa na miezi minne Poonam alipopiga simu kuuliza jambo la visa ya mteja. Mwishoni akampongeza Nusra kwa kuamua kubaki nyumbani, akamshukuru, maana sasa ameambiwa kiti ni chake moja kwa moja. Maskini, hakuwa na baya. Nusra akakata simu, akampigia Sadrudin.

"Nusra mwanangu," akajibiwa kwa sauti ya asali, "mamako alishanambia. Mie neno la Bi Time nitalivunjaje?"

Lo! Anamnyang'anya mtu kazi yake, na juu yake anamvisha mamake kilemba cha ukoka. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, na hawakukosea.

Hasira zikamshukia kwanza yule aliyekuwa karibu. Nusra alimfokea mamake jikoni mpaka mtoto akaamka. Bi Time alikuwa akisugua sufuria, akaendelea kuisugua hata ilipokwisha kutakata. Kisha akasema haoni vipi watamshtaki mtu aliyekula nyumbani kwao, na kwamba mwenye nguvu mpishe. Nusra akamtazama.

"Nguvu hizo kazipata mdomoni mwako, mama."

Neno likishatoka limetoka. Bi Time alilia chumbani kwake, na Nusra, kwa ghadhabu alizokuwa nazo, hakumfuata kumtaka radhi.

Mficha uchi hazai. Asubuhi akambeba mtoto akaenda kwa Mwende, Mkenya anayetoa ushauri wa sheria bure pale karibu na nyumbani. Mwende alisikiliza akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba mama hawezi kuacha kazi kwa niaba ya binti yake, hata angeapa. Kwamba akirudi ndani ya miezi sita ya likizo, kazi ni ile ile na kiti ni kile kile. Na kwamba kumtoa mtu kazini kwa sababu kazaa ni kesi ya kwenda mahakama ya kazi. Nusra alitoka pale na hasira zaidi ya alizoingia nazo. Kumbe hata ujanja wenyewe haukuwa ujanja! Alichotegemea Sadrudin ni haya zao tu.

Siku ya kwenda ofisini Bi Time alikuwa mlangoni, buibui limekaa sawa. Akasema neno lilitoka kwake, basi atakwenda naye.

Poonam alipowaona aliinuka kitini mwenyewe. Sadrudin akatoka na tabasamu, akaagiza chai, akamchezesha mtoto. Akasema sisi watu wa nyumbani, mambo ya sheria tuwaachie Wazungu. Mtoto akikua, atamtafutia Nusra kazi ya saa mbili tatu kwa siku pale nyuma. Kisha akamgeukia Bi Time kwa upole. "Si ulisema mwenyewe, dada?"

"Nilisema," Bi Time akajibu. "Na siku ile ile nilikwambia nyumba hii yako. Mbona hukuleta kitanda chako?"

Tabasamu likamwisha Sadrudin. Nusra akasema mwezi ujao anarudi, kwenye kiti kile, kwa kazi ile. La sivyo watajibizana mahakamani. Sadrudin akamuuliza kwa uchungu kama kweli atamshtaki ami yake.

"Ami yangu alielewa mama alichokusudia," Nusra akasema. "Ndiyo maana simwiti ami tena."

Sadrudin akatazama chai, akatazama mlango. Mwisho akasema kiti ni chake.

Njiani Nusra alimshika mamake mkono, akamtaka radhi. Mwezi uliofuata akarudi kazini, na Poonam akawekewa meza pembeni yake. Kumbe nafasi ilikuwepo siku zote. Kila asubuhi Sadrudin humsalimia Nusra kwa Kiswahili kile kile kitamu cha Mkunazini. Nusra humjibu kwa Kiingereza.