Kondoo wa Bekir

Tangu Satı afiwe na mumewe, shemeji yake Bekir alilitolea macho shamba la marehemu. Mwishowe wakafikishana kwa mkuu wa kijiji, naye akakata shauri: theluji ya kwanza ikilikuta shamba lina ngano ya kijani, ni la Satı na wanawe, ikilikuta tupu, alichukue Bekir. Wanaume mkahawani wakachekea ndani ya glasi zao za chai. Mjane na plau, wapi na wapi?

Satı akapanda. Kwa hofu ya kuchelewa alimwaga mbegu mapema mno, mwisho wa Agosti, udongo ungali vumbi. Mvua nayo ikawahi. Kufikia Novemba ngano ilikuwa imeshonana, ikimpita vifundo vya miguu, naye akipita mbele ya mkahawa wa wanaume kichwa juu. Ilikuwa haki yake.

Jirani yake, Bibi Döndü, hakumsifu.

"Imenenepa kabla ya wakati, mwanangu. Ngano huingia baridini ikiwa fupi. Hii itaoza chini ya theluji, halafu kiangazi utavuna nini? Ingiza kondoo siku moja tu, wapunguze majani."

"Kondoo wa nani, bibi? Hapa kondoo ni wa Bekir."

"Kamwombe. Ila ardhi igande kwanza, ndipo waingie."

Angeweza kunyamaza. Kijani alikuwa nacho, na shamba lingekuwa lake. Lakini shamba lisilotoa mkate lingewalisha nini wanawe? Akaenda mkahawani, akameza kiburi chake, akaomba mbele ya watu wote.

Bekir ni mtu wa kuuma na kupuliza. "Hilo tu, shemeji? Si wewe ni wetu? Ardhi ikiganda tu, nawaleta."

Ardhi haikuganda. Mvua ilinyesha siku mbili, na siku ya tatu Satı alipotoka kusaga unga alikuta kondoo mia mbili shambani, wamezama topeni. Kwenye tope kondoo hakati jani, huling'oa na mizizi yake, na asichokula hukikanyaga. Satı alipiga kelele, akarusha mawe mpaka mkono ukafa ganzi. Mchungaji akamwambia ameagizwa wasitoke kabla jua halijatua.

Ijumaa theluji ikaanguka. Mkuu wa kijiji akaja na Bekir, akaifukua kwa ncha ya kiatu hapa na pale. Tope tupu.

"Ni kondoo wake!" Satı akalia. "Alingoja mvua makusudi, huyu shetani!"

"Shemeji," Bekir akasema kwa upole, "nilikuja bila kuitwa?"

Mkuu wa kijiji hakumtazama mama huyo usoni. "Jibu, Satı. Hao kondoo uliwaita, au hukuwaita?"

Wanaume wa mkahawani walikuwa wamesimama ukingoni mwa shamba, na wote walimsikia siku ile akiomba. Wanawe wawili walikuwa wameshika sketi yake.

"Niliwaita," akasema.