Mikato ya Mashoto

Kaka yangu alichuna ng'ombe kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana tukamwita Mashoto. Kisu chake kiliacha mikato iliyolala upande tofauti na ya wenzake. Mimi nilikuwa mtia chumvi katika ghala la ngozi, na ngozi aliyoichuna yeye niliitambua mara moja.

Siku hiyo ililetwa moja nzito, yenye mikato ileile. Nilipoikunjua nikakuta mishipa imejaa damu nyeusi. Ng'ombe aliyechinjwa damu humtoka. Huyu alikuwa kibudu, kajifia mwenyewe, na mwenye ghala alishaapa kumfukuza yeyote atakayeleta ngozi ya kibudu.

Ningesema palepale. Badala yake nikajitia ujanja: nikakwangua mafuta, nikamwaga chumvi ya mawe makoleo mawili, nikaizika katikati ya rundo. Nilikuwa namfichia kaka aibu, na nilijiona dada wa maana sana.

Siku ya tatu Mashoto alitokwa na kidonda cheusi shingoni. Alisema ameumwa na kidudu tu, akatania kwamba kidonda kisichouma ni mgeni mwenye adabu. Kesho yake shingo ilivimba hadi kidevu kikapotea, homa ikampanda, nikampeleka hospitali.

Daktari aliuliza kama ameshika mnyama aliyejifia. Kaka akatikisa kichwa, kisha akanitazama. Nilijua ananiomba nini.

"Sisi tunapokea ngozi za machinjioni tu," nikasema.

Akaandikiwa dawa za mzio. Asubuhi hakuweza hata kumeza mate. Hapo ndipo nilipokimbia kumtafuta daktari, nikamweleza yote: mishipa, chumvi, rundo. Akasema ni kimeta, akaagiza sindano haraka. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Jana ulikuwa unajua?"

Nikajibu ndiyo. Kaka alikata roho kabla ya saa sita mchana.

Rundo zima lilichomwa moto. Mwenye ghala alizililia ngozi zake nami nikamchukia, ingawa si yeye aliyenituma niseme uongo.

Mama nilimwambia ni kidudu. Ameamini. Kila jioni anaingia chumbani kwangu na kopo la dawa ya wadudu, anapuliza chini ya kitanda na nyuma ya mlango, halafu ananikagua shingo.