Rimoti ya Mwalimu

Mteja alikuwa karani wa mahakama, mtu na heshima zake, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upande wa kulia tu, sauti ilipotoka chumba cha nyuma kwa mara ya tano asubuhi hiyo.

"Baba! Njoo uruke hapa, wanafungwa!"

"Samahani mzee, nakuja sasa hivi," kinyozi akasema, akaweka mashine mezani na kukimbilia ndani. Aliporudi, karani alikuwa amesimama, shuka linamning'inia shingoni, anatafuta kofia yake.

"Nitamalizia kwingine," alisema. "Saa nne nina kesi."

Kinyozi huyo watu walimwita Wembe. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na saluni yake ilikuwa sebule ya nyumba ya mama yake. Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu; mtaa mzima ulimwita Mwalimu hadi leo. Miaka mitatu nyuma kiharusi kilimchukua upande wote wa kushoto. Wa kulia kilimwachia kwa masharti: mkono ulilala juu ya mto, hauinuki wala haugeuki, ila vidole vilitii. Ulimi ndio hakikuugusa kabisa.

Starehe yake ilikuwa mechi za zamani za mpira, zilizojaa kwenye kompyuta iliyokaa mezani pembeni ya mlango, mbele ya miguu yake. Matokeo yote aliyajua kwa kichwa. Lakini kuiona timu yake ikifungwa mara ya pili, hilo alikataa katakata. Kila hatari ilipokaribia goli, Wembe, ambaye Mama alimwita Baba tangu utotoni, aliitwa airushe mechi mbele. Akiitwa kuruka, ataitwa kurudisha; akirudisha, sauti iko juu; akipunguza, haisikiki.

Husemwa mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kamba ya Wembe iliishia duka la kona. Mdogo wake wa kike aliolewa mbali, na kila akipiga simu alisema lile lile: "Kaka, wewe ndiye uko karibu." Wembe alikata simu akijiuliza ni lini kuwa karibu kuligeuka kosa lenye adhabu.

Kulikuwa na jambo hakumwambia mama yake. Rafiki yake Kipara, kinyozi aliyejinyoa mwenyewe mpaka akaiaibisha methali, alikuwa na saluni ya viti viwili karibu na stendi. Kiti kimoja kilikuwa wazi. "Nakupa wiki mbili," alimwambia. "Zikipita, namwita mtu mwingine. Biashara haingoji mtu."

Wembe alikwenda kwa jirani yao mshonaji kumwomba awe anamwangalia Mama mchana. Jirani alikubali kwa moyo mmoja. "Kumpa maji na kumgeuza nitaweza, hata chakula. Ila hiyo mipira, kuruka na kurudisha kutwa nzima, hapo nimeshindwa. Cherehani yangu haitasonga."

Basi kila kitu kikaning'inia kwenye rimoti.

Fundi redio alimuuzia moja, pamoja na kipokezi kidogo kama kifundo cha kidole, cha kuchomeka kwenye kompyuta. "Chomeka tu, itajitambua yenyewe," alisema. Wembe akachomeka. Haikujitambua. Akabonyeza, akabonyeza kwa nguvu, akabonyeza akiwa amepiga goti mbele ya kompyuta kama anayeomba radhi. Wachezaji waliendelea kukimbia.

"Unafanya nini?" Mama akauliza kitandani.

"Natengeneza, Mama."

"Hutengenezi, unabahatisha. Kuna vitu vitatu hapo: cha kutuma, cha kupokea na cha kutii. Kipi kibovu?"

"Sijui."

"Basi uliza kimoja kimoja."

Akaanza na rimoti. Mwanga wake jicho haliuoni, lakini kamera ya simu huuona. Akaielekeza kwenye simu, akabonyeza, na kwenye kioo cha simu kinuru cha zambarau kikamweka. Cha kutuma ni kizima. Akahamia kwenye kompyuta, akafungua dirisha la majaribio ambalo huandika kila kinachopokelewa pamoja na saa yake. Tupu. Akahamisha kipokezi tundu la pili: tupu. La tatu, lililokuwa nyuma, likaandika msururu wa namba, naye akapiga ukelele kama goli limeingia.

Siku mbili zilizofuata alikuwa akiifundisha kompyuta kwamba namba hii ni kusimamisha, ile ni kuruka. Kwanza kusimamisha kukawa kunapandisha sauti, mpaka majirani wakachungulia. Kisha kubonyeza mara moja kukawa kunaruka mara mbili, akapunguza wepesi wa kujirudia. Ikifika saa tisa, jua lilipoingia dirishani na kupiga kipokezi usoni, kilipofuka kabisa. Akakikatia kofia ya karatasi ngumu. Wateja walikaa kwenye benchi wakisoma magazeti ya mwaka juzi. Wengine waliondoka.

Yalipokwisha yote hayo, akamwekea Mama rimoti mkononi. Kidole gumba kikabonyeza. Kimya. Mkono wake ulielekea ukutani, kando ya kabati, na haukugeuka. Mwanga wote ulikuwa unaishia kwenye rangi ya ukuta.

Wembe alikaa pembeni ya kitanda, kichwa mikononi. Siku saba za Kipara zilikuwa zimekwenda.

"Wakati nafundisha," Mama akasema, "nilikuwa na mtoto mmoja akinimulika usoni kwa kipande cha kioo, yuko mwisho kabisa wa darasa."

Wembe akanyanyua uso. Akatoka, akarudi na kioo kikuukuu cha saluni, akakiegemeza ukutani juu ya kiti, pale mwanga ulipokuwa unaishia, akakiinamisha, akakinyanyua kidogo. Mama akabonyeza. Wachezaji wakasimama, mmoja mguu hewani.

Siku tatu nyumba ilikuwa na amani ambayo Wembe hakuikumbuka. Alinyoa vichwa vizima. Jumanne Kipara alipitia, akasimama mlangoni na kunong'ona kiti bado kipo mpaka Jumamosi. Jumatano Wembe akafunga mikasi yake mizuri ndani ya taulo, akaisukuma chini ya meza. Alijiambia kesho atamwambia Mama.

Alhamisi asubuhi rimoti ikafa.

"Haifanyi, Baba. Njoo uruke."

Akaichukua, akajaribu: inafanya. Akamrudishia: haifanyi. Kidole alikiona kikibonyeza kwa macho yake. Akabadilisha betri, akafuta kioo kwa spiriti, akaifundisha kompyuta upya tangu mwanzo. Ijumaa ikaisha hivyo. Jumamosi mapazia yalifungwa kutwa, lisije likawa jua ndilo mkosaji, na katika kigiza kile chenye harufu ya dawa na poda alihisi kuta zimesogea hatua moja ndani. Kipara alipiga simu mara mbili. Hakupokea. Angesema nini?

Jumapili aliliacha dirisha la majaribio wazi, akaenda kutafuta kipokezi kingine. Fundi redio alikuwa amefunga. Aliporudi karibu na saa sita, Mama alimwambia haijafanya kazi tangu alipotoka.

Wembe akainama kwenye kompyuta. Maandishi yalikuwa yamejaa mpaka chini. Akayasoma mara mbili.

"Mama," alisema polepole, "imefanya kazi asubuhi nzima. Imeandikwa hapa. Saa tatu na dakika kumi na nne, simamisha. Saa tatu na ishirini, ruka. Saa nne kasorobo, ruka, ruka, ruka."

"Walikuwa wanashambuliwa," Mama akasema. "Ukiwapo, nabonyeza pembeni ya kitufe."

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Geuka utazame kioo chako."

Aligeuka. Kutoka usawa wa mto, kioo kilionyesha kompyuta, mlango, na ng'ambo ya mlango kiti cha saluni na nusu ya meza.

"Nimekuona ukinong'ona na Kipara. Nimekuona ukifunga mikasi. Mengine nimeyasikia kwa jirani. Nimefundisha miaka thelathini na sita. Mtoto anayetaka kutoroka darasani namjua kwa anavyofunga mkoba."

"Sikuwa natoroka. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Wiki mbili unatafuta namna, na mimi niko hatua sita?"

Hasira aliyotoka nayo kwenye maandishi ilimgeukia Wembe mwenyewe, maana nusu ya kosa ilikuwa yake. Akamwita jirani, akatoka karibu anakimbia mpaka stendi.

Kiti kilikuwa na mtu, anamnyoa mtoto aliyekuwa akilia. Kipara akamvuta nje.

"Nilikupigia, ndugu yangu. Ungesema hata neno moja."

"Rimoti ilikuwa mbovu," Wembe akasema, na akasikia namna neno hilo lilivyokuwa dogo.

Alirudi kwa miguu, bila haraka. Alimkuta Mama amesimamisha mechi. Kioo cha kompyuta kimeganda na uwanja mtupu.

"Kimechukuliwa?"

"Kimechukuliwa."

Machozi yalimtoka Mama jicho la kulia, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta, Wembe akayafuta kwa ncha ya shuka. Hakumwambia si kitu. Kilikuwa kitu.

"Niliogopa," Mama alisema. "Jirani ni mtu mwema. Lakini yeye akitoka chumbani, hana deni la kurudi. Nikawaza, wewe ukikizoea kile kiti..." Baadaye akasema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia mstarini shuleni asubuhi, "Mpigie mdogo wako. Weka sauti kubwa."

Simu ikaita muda mrefu; ilipopokelewa, Wembe akasema Mama anasikiliza.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mwezi ujao unakuja hapa, ukae wiki mbili. Halafu kila miezi mitatu. Kaka yako atakuonyesha mambo ya rimoti."

"Mama, jamani, na huku nani—"

"Sijakuomba."

Upande wa pili mtoto alilia, na sufuria ikagonga kitu. Wembe aliishika simu akitazama kidole gumba cha mama yake kikiwa juu ya kitufe bila kukibonyeza. Hakujua angefanya nini na wiki mbili, wala kama kungekuwa na kiti popote.

"Sawa, Mama," mdogo wake akasema mwishowe. "Nimesikia. Nitakuja."